Plagini ya volyumu za Docker ilipita majaribio yote, kisha ikapoteza rekodi za siku mbili umeme ulipokatika

FundiKondele, Kisumu

Hamjambo wote. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika programu-jalizi ya volyumu kwa ajili ya Docker, au plagini kama tunavyoiita kazini, na sasa nimefika mahali ambapo akili yangu peke yake haitoshi. Kwa asiyeijua, Docker ni programu inayoendesha programu nyingine ndani ya visanduku viitwavyo kontena, na volyumu ni eneo la diski ambamo kontena huhifadhi data yake.

Sababu ya kuiandika ni hii. Ushirika ninaouhudumia una vituo vya kupokea maziwa, na katika kila kituo kuna kompyuta ndogo moja inayoendesha kontena nne, mojawapo ikiwa ni hifadhidata ya Postgres yenye rekodi za wakulima. Mwaka jana kontena inayohifadhi picha za stakabadhi ilijaza diski nzima ya kituo kimoja, hifadhidata ikasimama, kwa sababu derevu ya kawaida ya Docker, ile iitwayo local, haikuweza kuiwekea volyumu kikomo cha ukubwa kwenye diski zetu za ext4, mfumo wa mafaili wa Linux. Ndipo nikaandika plagini ambayo huitengenezea kila volyumu faili moja la ukubwa maalumu, hulifomati faili hilo kwa ext4, kisha hulipachika (mount) kwa kifaa cha lupu, yaani hulifanya lionekane kama diski, kontena inapoanza.

Kwa wale ambao hawajawahi kuandika kitu cha aina hii, plagini ni programu ya kawaida inayosikiliza kwenye soketi ya Unix, yaani mlango wa mawasiliano kati ya programu za kompyuta moja. Huduma ya Docker, yaani dockerd, huitumia maombi ya HTTP yenye JSON: kwanza /Plugin.Activate, ambalo plagini hulijibu kwa kusema kwamba inatekeleza VolumeDriver, kisha Create, Mount, Path, Unmount, Remove na mengineyo. Mount huitwa mara moja kwa kila kontena inayoanza, hata kama kontena mbili zinatumia volyumu moja. Kwa hiyo ni juu ya plagini kuhesabu watumiaji, ikapachika faili anapokuja wa kwanza na kulipachua anapoondoka wa mwisho. Hesabu hiyo ninaiandika kwenye faili dogo, /run/kikomo/hesabu.json, ili plagini ikianguka na kuinuka isisahau ni nani bado yumo. Nilichagua /run kwa makusudi, maana /run hukaa kwenye RAM na hufutika kompyuta inapozimika, na kompyuta ikizimika hakuna kilichobaki kimepachikwa.

Mwanzoni niliiendesha kama huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwenye kompyuta yangu, soketi ikiwa /run/docker/plugins/kikomo.sock. Nilijaribu docker stop, docker kill, systemctl restart docker, kontena mbili juu ya volyumu moja, hata kuzima kompyuta na kuiwasha tena. Yote yalipita. Baadaye nikaifungasha kwa ule mtindo unaosimamiwa na Docker yenyewe, yaani config.json na folda ya rootfs yenye mafaili yote ya plagini, nikatoa amri ya docker plugin create, nikaipeleka kwenye rejista yetu ya ofisini na kuisakinisha vituoni. Majaribio yale yale niliyarudia juu ya toleo lililofungashwa, pamoja na amri ya reboot, nayo yakapita.

Kisha umeme ukakatika usiku wa mvua katika kituo chetu cha Bungoma, na betri ya akiba ilikuwa imechoka. Saa kumi na mbili asubuhi karani alipoandika namba ya mkulima wa kwanza, lita zilikubaliwa lakini mahali pa jina palibaki patupu. Kwa kuwa watu walikuwa wamepanga mitungi mlangoni na maziwa hayangoji, aliendelea, akanipigia saa nne. Niliingia kutoka Kisumu nikakuta hakuna kosa lolote kwenye logi, na docker volume inspect ilionyesha kila kitu sawasawa. Nilidhani ni jedwali la majina lililoharibika. Kesho yake jioni nilisimamisha kontena, nikatoa docker plugin disable -f, nikasakinisha toleo jipya lenye logi nyingi zaidi kwa docker plugin upgrade, nikaiwasha. Majina yote yakarudi, na rekodi zote hadi ule usiku wa umeme kukatika. Ila mapokezi ya siku mbili zilizofuata yalitoweka kana kwamba hayakuwahi kuandikwa.

Karani ana daftari la karatasi, kwa hiyo hakuna mkulima atakayepunjwa. Lakini ninaomba msaada kwa mambo mawili: rekodi hizo zimekwenda wapi, na ni jaribio gani nililopaswa kulifanya ili kosa hili lionekane mezani kwangu na si mlangoni pa kituo?

---

DadaWaNjoro, Nakuru

Pole sana, kaka. Kabla ya jambo lolote jingine, usitoe amri ya docker plugin rm kwenye kompyuta hiyo, na usimruhusu mtu mwingine aitoe. Ninaamini rekodi zako bado zipo, na amri hiyo ndiyo itakayozifuta kabisa.

Katika config.json bila shaka umeweka propagatedMount, kwa maana bila hiyo kontena zisingekiona unachokipachika ndani ya plagini. Folda hiyo Docker huiweka nje ya rootfs, chini ya /var/lib/docker/plugins, ndani ya folda yenye kitambulisho cha plagini, kwa jina la propagated-mount. Unapopandisha toleo, rootfs hubadilishwa lakini folda hii haiguswi. Sasa fikiria kwamba baada ya umeme kurudi plagini yako iliamini kuwa faili la volyumu limekwisha kupachikwa, ikajibu Mount kwa njia sahihi ya folda, ilhali hapo palikuwa na folda tupu tu. Kontena ya Postgres ikikuta folda tupu haikatai. Hutengeneza hifadhidata mpya na kuendelea kwa amani. Programu yako nayo ikaunda majedwali yake, na karani akaandika mapokezi ya siku mbili kwenye sakafu, mahali ambapo zulia lilipaswa kuwa limetandikwa. Ulipopandisha toleo, zulia likatandikwa juu yake.

Kuna alama moja ya kuthibitisha hili. Ext4 iliyofomatiwa huwa na folda ya lost+found kwenye mzizi wake, na ninadhani kwa sababu hiyo hiyo uliiambia Postgres iweke data kwenye folda ndogo ndani ya volyumu, maana initdb hukataa folda isiyo tupu. Je, katika zile siku mbili kuna mtu aliyeorodhesha yaliyomo ndani ya volyumu? Kama lost+found haikuwepo, basi mlikuwa mkiandika kwenye sakafu.

Ili kuziokoa, simamisha kontena zote zinazotumia plagini hiyo, izime kwa disable -f, kisha hakikisha kwa findmnt kwamba hakuna kilichosalia kimepachikwa chini ya propagated-mount. Ndipo uangalie ndani ya folda ya volyumu. Ukiona PG_VERSION, base, global na pg_wal, nakili folda nzima kwa cp -a hadi diski nyingine, na usiiguse ile ya asili. Juu ya nakala hiyo washa Postgres ya toleo kuu lile lile, bila plagini, utoe jedwali la mapokezi kwa pg_dump. Usijaribu kuchanganya mafaili ya hifadhidata mbili kwa mkono. Tena kumbuka kwamba hifadhidata ile mpya ilianza kuhesabu id za rekodi kutoka 1, kwa hiyo unapoziingiza rekodi kwenye hifadhidata ya zamani iache ile safu ya id ijijaze yenyewe, la sivyo zitagongana.

Nami nina swali: katika majaribio yako yote, kuna hata moja ambalo kompyuta ilizimika bila kuagwa?

---

FundiKondele, Kisumu

Dada, sina maneno ya kukushukuru. Nilifanya kama ulivyoelekeza, hatua kwa hatua, na folda ile ilikuwapo pale pale ulipoisema, ikiwa na PG_VERSION ndani yake. Karani wa Bungoma alinisomea daftari kwa simu mstari kwa mstari huku nikilinganisha na nilichokitoa kwenye nakala, na tulipofika ukurasa wa mwisho hapakuwa na lita iliyopungua. Rekodi zote zimerudishwa mahali pake. Orodha ya yaliyomo ndani ya volyumu kwa siku zile mbili ninayo, kwa kuwa niliichukua asubuhi ile nilipoingia mara ya kwanza. Nimeirudia leo, na lost+found haimo. Ilikuwa mbele ya macho yangu.

Kuhusu swali lako, hapana. Kila mara nilizima kwa reboot, au kwa systemctl, au kwa kitufe kinachoiambia Linux ijizime. Sasa ninaelewa kwamba katika njia zote hizo dockerd hupata nafasi ya kusimamisha kontena, Unmount hutumwa, na hesabu hushuka hadi sifuri kabla ya kompyuta kulala. Siku ile umeme ulipokatika hesabu ilibaki 1.

Lakini jambo moja bado linanisumbua, na sitatulia mpaka nilielewe. Hata kama hesabu ilibaki 1, faili hilo liko /run. Kompyuta ilizimika kabisa. Lilipaswa kufutika! Plagini ilipata wapi hiyo 1 asubuhi?

---

MwalimuVihiga

Ndugu Fundi, umeuliza swali lenyewe hasa, na jibu lake liko kwenye tofauti kati ya plagini uliyoijaribu kwanza na ile uliyoipeleka Bungoma.

Plagini ilipokuwa huduma ya systemd, /run iliyoiona ilikuwa /run ya kompyuta, na hiyo kweli hukaa kwenye RAM. Ulipoifungasha, plagini ilianza kuishi ndani ya kontena yake yenyewe, yenye mfumo wake wa mafaili. Humo ndani Docker hupachika /proc, /dev, /sys na vinginevyo vichache, na folda ya /run/docker/plugins kwa ajili ya soketi, lakini /run yenyewe haipachikwi kwenye RAM. Ni folda ya kawaida ndani ya rootfs, na rootfs iko kwenye diski. Kwa hiyo hesabu.json yako ilivuka usiku ule salama salimini, ikiwa na 1 ndani yake. Mount ilipokuja asubuhi, plagini ikaona kuna mtumiaji mwingine, ikaongeza hesabu ikawa 2, ikajibu bila kupachika chochote. Ndiyo sababu vilevile majina yalirudi ulipopandisha toleo: rootfs ilibadilishwa, faili la hesabu likaondoka nayo, na kwa mara ya kwanza tangu umeme ukatike plagini ikaanza kutoka sifuri.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, ingia ndani ya plagini inayofanya kazi. Plagini hizi haziorodheshwi na docker ps, lakini runc inazijua:

runc --root /run/docker/runtime-runc/plugins.moby list

Chukua kitambulisho, tumia exec ya runc hiyo hiyo kuendesha cat /proc/self/mountinfo, kisha utafute mstari wa /run wenye tmpfs, yaani mfumo wa mafaili ulio kwenye RAM. Hutaupata.

Sikulaumu kwa hili. Plagini zilipoingia Docker mwaka 2015, kwanza kama jambo la majaribio katika toleo 1.7, zote zilikuwa programu zinazokimbia kwenye kompyuta yenyewe au katika kontena ambayo mtu ameiwasha kwa mkono. Mtindo unaosimamiwa na Docker ulikuja kukomaa katika toleo 1.13, Januari 2017. Maelezo mengi na mazoea mengi yalizaliwa katika kipindi kile cha kwanza, na mtu akihama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine huhama na dhana zake bila kujua.

Kuhusu tiba, unaweza kuongeza tmpfs kwenye orodha ya mounts katika config.json na tatizo la siku ile likaondoka. Mimi nisingeishia hapo. Kosa la ndani zaidi ni kwamba plagini inaamini maandishi yake kuliko kerneli, yaani kiini cha Linux. Swali la kama faili limepachikwa lina mtu mmoja tu anayejua jibu lake, naye ni kerneli, na jibu hilo liko /proc/self/mountinfo. Lisome kila Mount inapokuja. Tena acha kuhifadhi hesabu tupu. Kila ombi la Mount huja na ID yake, na Unmount yake huja na ID ile ile. Hifadhi seti ya ID hizo, ili ombi likirudiwa lisihesabiwe mara mbili. Kumbuka kwamba dockerd ikishindwa kuwasiliana na plagini hurudia wito kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, kwa jumla ya hadi sekunde 30, kwa hiyo kurudiwa kwa ombi si jambo la kufikirika tu. Pamoja na seti hiyo andika kilichomo katika /proc/sys/kernel/random/boot_id. Hicho hubadilika kila kompyuta inapowashwa. Ukikuta kilichoandikwa hakilingani na cha sasa, itupe seti nzima uanze upya.

Sasa nije kwenye majaribio, maana hapo ndipo ulipotaka tufike.

Majaribio yako yalichunguza majibu ya plagini, hayakuchunguza ukweli wa majibu hayo. Asubuhi ile plagini ilijibu kwa JSON safi, yenye Mountpoint sahihi na Err tupu. Jaribio lolote linalosoma jibu hilo peke yake lingepita. Unahitaji shahidi. Tengeneza volyumu, washa kontena ya busybox, andika ndani yake faili lenye maneno ambayo jaribio limeyabuni dakika hiyo hiyo, kisha baada ya kila msukosuko usome faili hilo kutoka ndani ya kontena nyingine. Lisipopatikana, jaribio limeanguka, hata kama Docker inasema kila kitu ni kizima.

Tabaka la chini kabisa halihitaji Docker hata kidogo. Ongea na soketi ya plagini moja kwa moja kwa curl yenye --unix-socket, ujifanye wewe ndiye dockerd. Hapo unaweza kufanya yale ambayo dockerd ya kweli hukufanyia mara chache sana: tuma Mount mbili kwa wakati mmoja kwa volyumu moja, tuma Unmount yenye ID isiyojulikana, tuma Create mara mbili kwa jina lile lile, kata mawasiliano kabla jibu halijafika. Hizo Mount mbili za wakati mmoja zipe uzito wa pekee. Ikiwa umeandika kwa lugha ya Go, kila ombi hushughulikiwa sambamba na mengine, katika goroutine yake, na bila kufuli la kila volyumu zote mbili zitakuta hakuna kilichopachikwa, zote mbili zitapachika. Faili moja la ext4 likipachikwa kupitia vifaa viwili vya lupu, kila upande hudhani ndio wenye mali, na data huharibika bila kelele. Endesha go test kwa kutumia -race, na kabla ya kuunganisha faili uliza losetup -j kama tayari lina kifaa.

Upande wa pili wa soketi nao una funzo. Watu wa Moby, yaani msimbo ambao Docker hujengwa juu yake, walipotaka kuijaribu dockerd dhidi ya plagini za volyumu waliandika plagini bandia yenye vihesabio: imeamshwa mara ngapi, imeombwa Create mara ngapi, Mount mara ngapi, Unmount mara ngapi. Mwisho wa kila jaribio wanadai Mount na Unmount zilingane na kilichotarajiwa. Vihesabio vya namna hiyo viweke ndani ya plagini yako halisi na uviandike kwenye logi. Chochote plagini inachokiandika kwenye stdout hutokea katika logi za dockerd kikiwa na kitambulisho cha plagini. Laiti siku ile logi ingesema kwamba kuna Mount iliyojibiwa na hakuna kilichopachikwa tangu kompyuta iwashwe, ungeliona tatizo saa nne ile ile.

Tabaka la tatu ndilo ulilolikosa. Chukua mashine pepe, sakinisha plagini iliyofungashwa, ile ile hasa utakayoipeleka kituoni na si binari yako ya mezani, washa kontena zenye --restart always, andika shahidi, kisha ikate mashine kwa amri hii ndani yake:

echo b > /proc/sysrq-trigger

Hiyo huiwasha upya papo hapo, bila kupachua wala kumwaga yaliyo kwenye RAM hadi diskini. Ndiyo iliyo karibu zaidi na umeme wa Bungoma. Irudie mara nyingi na katika nyakati tofauti: katikati ya Create, katikati ya kufomati, katikati ya Unmount. Shahidi unayemtaka awepo baada ya kukatika umwandike na kutoa sync kwanza, vinginevyo utailaumu plagini kwa kosa la RAM.

---

MkaziWaBusia

Ninaheshimu kazi iliyofanyika hapa, lakini naomba niulize jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Derevu ya local katika matoleo ya sasa ya Docker hukubali kikomo cha ukubwa kwa --opt size ikiwa folda ya Docker iko kwenye XFS, mfumo mwingine wa mafaili, iliyopachikwa kwa pquota (chaguo la kuweka mipaka ya nafasi). Kwa kituo chenye kompyuta moja, je, si rahisi zaidi kuifomati diski upya kuliko kubeba plagini maisha yote? Kila mstari wa msimbo ulio kati ya hifadhidata na diski ni mstari ambao mtu atalazimika kuamka usiku kwa ajili yake.

---

FundiKondele, Kisumu

Ndugu wa Busia, hoja yako ni ya haki, na kwa vituo vipya nitaifuata. Vituo vilivyopo vina kizigeu kimoja tu cha ext4 chenye mfumo wote ndani yake, na kuvifomati upya kunataka niende kila kimoja na kukifunga kwa siku nzima, jambo ambalo ushirika hauwezi kuliruhusu kabla ya msimu huu kwisha. Mpaka hapo plagini lazima iwe salama.

---

DadaWaNjoro, Nakuru

Naongeza jambo moja juu ya aliyoyasema Mwalimu. Iwekee sakafu ulinzi. Unapotengeneza folda ya kupachikia, kabla hujapachika chochote, ifanye isiandikike kwa chattr +i. Ruhusa za kawaida za folda hazisaidii kwa kuwa rooti huzipita, lakini alama hiyo hata rooti huitii mpaka iondolewe. Kupachika juu ya folda hiyo kunaendelea kama kawaida. Siku plagini ikikosea tena, Postgres itakataa kuanza, karani atakupigia saa kumi na mbili badala ya saa nne, na hakuna rekodi itakayoandikwa mahali pasipo pake. Plagini itahitaji ruhusa ya kerneli iitwayo CAP_LINUX_IMMUTABLE kwenye config.json pamoja na CAP_SYS_ADMIN uliyonayo, na Remove lazima iitoe alama hiyo kabla ya kuifuta folda. Kwenye hifadhidata ya watu, mimi huona kusimama ni afadhali mara mia kuliko kuendelea kimakosa.

---

FundiKondele, Kisumu

Nimerudi na matokeo ya juma zima.

Nilitengeneza mashine pepe yenye ext4 kama ya vituoni, nikaisakinishia toleo la zamani lililofungashwa, nikaandika shahidi na kuikata kwa sysrq. Lilianguka kwa mkato wa kwanza kabisa. Nilikaa nikilitazama lile neno "tupu" kwenye skrini, nikawaza ni mara ngapi niliendesha majaribio yale mengine yote nikilala nikiwa na amani.

Toleo jipya linasoma mountinfo, linahifadhi seti ya ID pamoja na boot_id, lina kufuli kwa kila volyumu, na linaikagua folda baada ya kupachika: kama namba ya kifaa cha folda hiyo ni sawa na ya folda iliyo juu yake, basi hakuna kilichopachikwa, na plagini inajaza Err badala ya kujibu Mountpoint. Nimeikata mashine mara 200 kwa skripti, nyakati zikichaguliwa bila mpangilio. Shahidi alipatikana mara zote isipokuwa tatu, na hizo tatu zote zilikuwa katikati ya Create: faili lilikuwa limeundwa lakini halijamaliza kufomatiwa, na plagini ilipoamka ikalichukua kama volyumu iliyokamilika. Sasa ninalifomati kwa jina la muda, ninatoa fsync ili data ifike diskini, kisha ninalibadilisha jina likiwa tayari. Jina la muda likikutwa wakati wa kuamka linafutwa. Mikato mingine 200 imepita bila kosa.

Jaribio la Mwalimu la Mount mbili kwa wakati mmoja nalo lilinasa kitu. Katika toleo la zamani, losetup -a ilionyesha faili moja likiwa na vifaa viwili, /dev/loop3 na /dev/loop4. Vituoni haijawahi kutokea kwa kuwa huko kila volyumu ina kontena moja, lakini mwezi ujao tulikuwa tunapanga kuongeza kontena ya nakala rudufu juu ya volyumu ile ile ya Postgres.

Alhamisi ninapanda gari kwenda Bungoma na toleo hili pamoja na betri mpya ya akiba. Nimemwomba karani anisubiri hadi maziwa ya asubuhi yaishe kupokelewa, ili tuchomoe waya wa kompyuta ukutani kwa mkono wetu wenyewe, tukiwa wote wawili tumesimama mbele yake na daftari liko wazi.